Kuhamia Mombasa na vyombo vyako: lori zima, lori la kuchangia, basi, au uuze ununue upya?

Kila ikikaribia mwisho wa mwezi napigiwa simu na mtu aliyeko Nairobi au Nakuru. Kazi ameshapata Mombasa, nyumba aliyomo imejaa vitu, na hajui avilete vipi. Wengi huanza na bei ya lori. Mimi huwauliza kwanza nyumba wamepata wapi, ni ghorofa ya ngapi, na maji yake ni ya chumvi au matamu. Kutoka Nairobi hadi huku ni kama kilomita 480 za barabara moja, na lori huzimaliza usiku mmoja. Kinachowasumbua watu ni hali ya hewa inayovingoja vile vitu, na pale gari linaposimama likashindwa kusogea zaidi.

Nilihamia hapa na familia miaka saba iliyopita, kwa lori la kuchangia. Dada yangu alikuja mwaka mmoja baadaye kwa basi, na mwenzangu wa kazini aliuza kila kitu akaja na mabegi mawili. Nimepakia na kupakua na wengine wengi tangu hapo. Hakuna njia kati ya hizi ninayoweza kuiita mbaya, lakini nimeona kila moja ikimuumiza mtu ambaye haikumfaa.

Vipimo nitakavyotumia

Cha kwanza ni gharama hadi mlangoni, yaani nauli pamoja na katoni, kamba, wapakiaji wa kule, mahamali wa huku, na mkokoteni au kivuko ikibidi. Cha pili ni usalama wa vitu, na nani atalipa kikivunjika kimoja. Cha tatu ni muda, na hapa naangalia uhakika kuliko kasi, kwa sababu ukiwa unalipia nyumba mbili kwa mwezi mmoja kila siku ya kuchelewa inauma. Cha nne ni mita mia za mwisho: kutoka gari linapozima injini mpaka chumbani kwako.

Kabla ya yote: ni vitu gani vinastahili safari?

Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na ukikaa karibu na bahari, Nyali au Bamburi, utaiona kazi yake kwenye kila chuma. Mimi nilikuja na kabati la milango mitatu, lile la unga wa mbao uliogandishwa na kubandikwa karatasi inayofanana na mvule. Nairobi lilikaa miaka minne bila tatizo. Masika ya kwanza huku, ubao wa nyuma ulivimba ukachomoka kwenye misumari na mlango wa kati ukawa haufungi. Nilipotoa koti la suti nikakuta ukungu wa kijani umetambaa kwenye kola hadi mabegani. Bawaba zilikuwa na kutu iliyobaki kwenye vidole kila nilipozigusa. Lile kabati lilikula nafasi ya friji na godoro kwenye lori, nami nililipia nafasi hiyo.

Kwa hiyo mbao halisi njoo nazo: mvule, mkangazi, mbambakofi. Sufuria, vyombo vya plastiki, cherehani, friji nzima na godoro zuri pia vinastahili. Makochi ya ngozi yanataka kufutwa na kupigwa upepo kila mara, la sivyo yataota ukungu. Mazulia mazito, mablanketi manene na hita ya chumbani wape ndugu wa bara. Huku utahitaji feni na chandarua kabla ya kitu kingine chochote.

Na maji. Nyumba nyingi zinatumia maji ya kisima yenye chumvi kwa kuoga na kufulia, na ya kunywa yananunuliwa kwa mitungi. Kile kichwa cha bafu cha kupasha maji kwa umeme ulichotumia Nairobi huenda kikaharibika upesi, maana kuna aina iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi na aina ya maji ya kawaida. Mashine ya kufulia nayo, ikiwa nyumba haina maji matamu, fikiria mara mbili. Fungua mfereji uonje kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba.

Ukishachuja hivyo, mara nyingi mzigo wa lori la tani saba unageuka kuwa mzigo wa kenta, lile lori dogo, na hesabu yote inabadilika.

Njia ya kwanza: lori zima kwa ajili yako

*Gharama.* Ndiyo nauli kubwa kuliko zote, lakini ni moja na inajulikana mapema. Kenta inatosha nyumba ya chumba kimoja au viwili kama umechuja. Hapa kuna jambo ambalo wageni hawalijui. Bandari ya Mombasa inapokea mizigo mingi zaidi kuliko inayosafirisha nje, kwa hiyo malori hupanda bara yamejaa na mengi hushuka matupu au nusu tupu. Mwenye lori wa Nairobi atakupigia hesabu ya kwenda na kurudi, ingawa akifika huku anaweza kupata mzigo wa kupanda nao. Tafuta lori ambalo makao yake ni Mombasa na linataka kurudi nyumbani. Huyo utapatana naye, kwa sababu safari ataifanya uwepo usiwepo. Ukitoka sehemu za chai kama Kericho au Nandi usitegemee hilo sana, kwa kuwa malori ya kule hushuka yamebeba chai ya mnada wa Mombasa.

*Usalama.* Vitu vinapakiwa mara moja na kuteremshwa mara moja, na hilo peke yake linaokoa sahani nyingi. Muulize mwenye gari kama ana bima ya mzigo safarini. Bima ya kawaida ya gari, ile ya kuwalinda watu wengine barabarani, haigusi friji yako. Namba ya usajili unaweza kuitafuta kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa ada ndogo ukaona gari ni la nani. Lipa sehemu wakati wa kupakia, na iliyobaki lipa kitu cha mwisho kikishatua chini.

*Muda.* Unachagua siku na saa. Likiondoka Nairobi jioni, asubuhi liko huku. Jihadhari na dereva anayetaka kuongeza mzigo wake juu ya wako, kwani ukizidi uzito mtakesha kwenye mizani ya Mlolongo au ya Mariakani, na ucheleweshaji huo utakuwa wako. Kuanzia Mariakani hadi Changamwe malori ya bandari yanaweza kufunga njia kwa saa nyingi, kwa hiyo bora ufike kabla jua halijapanda.

*Mita mia za mwisho.* Kenta inaingia mitaa mingi ya Kisauni, Bamburi, Changamwe na Tudor. Lori refu litaishia barabara ya lami. Ukihamia Likoni au zaidi kusini kuelekea Ukunda, mwambie dereva apite barabara ya Dongo Kundu, kupitia Mwache na Mteza hadi Kibundani, badala ya kuingia kisiwani na kupanga foleni ya kivuko. Mji wa Kale ni habari nyingine kabisa. Vichochoro vyake ni vyembamba, gari linasimama nje na vitu vinaingia kwa mkokoteni na mabega ya mahamali. Panga nao siku moja kabla, uwaonyeshe ngazi, mpatane bei ya kazi yote. Ukianza kupatana lori likiwa limeziba njia na watu wanapiga honi, utalipa chochote utakachotajiwa.

*Inamfaa nani.* Familia yenye watoto na samani za mbao halisi, au mtu ambaye mwajiri anamlipia uhamisho.

Njia ya pili: lori la kuchangia

*Gharama.* Unalipia nafasi uliyochukua tu, na kwa mzigo wa wastani hakuna njia ya lori iliyo nafuu zaidi. Lakini uliza nauli inaishia wapi. Mara nyingi inaishia yadi, na kutoka yadi hadi kwako ni pikapu yako na hamali wako.

*Usalama.* Sisi tulichangia familia tatu. Lori lilifika yadi moja ya Changamwe saa nane usiku, mvua inanyesha, na kwa kuwa vitu vya familia ya kwanza vilikuwa juu ya vyetu, turubai lilifunuliwa lote. Godoro la watoto lilikuwa kwenye lango la nyuma. Nililiona likilowa kuanzia pembeni, kitambaa kikigeuka rangi polepole mpaka katikati, nami nimeshikilia ncha moja ya nailoni isiyotosha. Katoni ya sahani ilienda Mtwapa na vitu vya watu wengine. Ilirudi baada ya siku tisa, na ilirudi kwa sababu moja tu: mke wangu alikuwa ameandika jina letu, namba ya simu na namba 14 ya katoni pande zote nne kwa kalamu nzito.

Tangu siku ile nawaambia watu hivi: kila katoni iwe na namba, orodha iwe na nakala mbili, dereva atie saini moja, na picha zipigwe kabla ya kupakia. Magodoro yafungwe kwenye nailoni hata kama ni kiangazi.

Tena, kama lori lenyewe ni treila inayorudisha kontena tupu, uliza waziwazi kama mwenye kontena ameruhusu mzigo. Makontena mengi ni ya kampuni za meli na yanatakiwa kurudishwa depo yakiwa matupu na safi. Dereva akiyatumia kimyakimya, vitu vyako vinaweza kuteremshwa popote akiona mambo yamebadilika, na huna karatasi ya kudai.

*Muda.* Si wa uhakika. Lori linangoja lijae. Unaweza kuambiwa Ijumaa likaondoka Jumatatu.

*Mita mia za mwisho.* Ziko mikononi mwako kabisa. Kuwa na mtu Mombasa wa kupokea, mwenye simu inayoshika chaji.

*Inamfaa nani.* Mwenye mzigo wa wastani na mfuko mwembamba, ambaye anaweza kulala kwa jamaa siku tatu nne bila vitu vyake. Nisingemshauri mwenye mtoto mchanga.

Njia ya tatu: basi, na treni kwa wewe mwenyewe

*Gharama.* Ofisi za mabasi hupokea vifurushi na kutoza kwa ukubwa na uzito. Vifurushi vichache ni nafuu sana. Vikizidi kumi, hesabu upya, maana unaanza kukaribia bei ya nafasi kwenye lori.

*Usalama.* Kifurushi kinapata risiti na kinafika na basi lenyewe. Dada yangu alileta cherehani yake na televisheni iliyozungushiwa blanketi mbili na kufungwa kati ya magodoro ya watoto, havikupata hata mkwaruzo. Vitu vingine vilimfuata kwa awamu tatu, mama akivipeleka kituoni kila awamu. Mtungi wa gesi usiuweke kwenye gari la abiria kamwe. Uza, ununue mwingine huku.

Treni ya SGR, inayokwenda tangu 2017, ni raha kwa familia siku ya kuhama, hasa wazee na watoto. Tiketi unakata kwa *639# na kulipa kwa simu, na kila mtu mzima awe na kitambulisho. Lakini usiifanye gari la mizigo. Mabegi yanapangwa chini, yananuswa na mbwa, kisha yanapita kwenye mashine, na visu vya jikoni vitakuletea maneno. Mwisho wake ni Miritini, nje ya kisiwa, kwa hiyo bado una safari ya kuingia kisiwani au kuvuka kwenda Nyali.

*Muda.* Hapa basi halina mpinzani: linaondoka kila usiku. Isipokuwa Desemba. Wakati watu wa bara wanashuka pwani kwa sikukuu, nauli hupanda na vifurushi hubaki ofisini vikingoja nafasi.

*Mita mia za mwisho.* Mabasi mengi yanaishia Mwembe Tayari na barabara za jirani. Kutoka hapo tuktuk inabeba zaidi ya unavyofikiri. Ukienda Likoni, vuka kivuko kwa miguu bila malipo, lakini usijaribu kuvuka na mabegi sita saa ya watu kwenda kazini.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, mtu mmoja wa chumba kimoja, au yeyote anayetaka kuja kwanza kidogokidogo auone mji.

Njia ya nne: uza kule, ununue huku

*Gharama.* Usafiri karibu hakuna. Hasara iko kwenye kuuza kwa haraka: wanunuzi wakijua unahama mwisho wa wiki, watangoja mpaka Ijumaa jioni. Mwenzangu alianza miezi miwili kabla, akauza makochi na kabati kwanza, akabaki na godoro, sufuria mbili na viti vya plastiki. Aliyeanza wiki ya mwisho, nimemwona akigawa.

*Usalama.* Hakuna cha kuvunjika njiani. Badala yake linda pesa, kwa sababu fedha za makochi zina tabia ya kuishia kwenye amana ya nyumba na kodi ya mwezi wa kwanza, ukabaki na kuta tupu. Ziweke kando siku ileile unapolipwa.

*Muda.* Unahama siku yoyote, lakini nyumba inakamilika polepole. Seremala mzuri anahitaji wiki kadhaa, na usimlipe zaidi ya nusu kabla ya kuona kazi. Wiki ya kwanza godoro chini, feni na chandarua, vinatosha kabisa.

*Mita mia za mwisho.* Faida kubwa ya njia hii. Unanunua kitu kinachopita kwenye ngazi yako, kwa sababu umeshaipima. Mapazia unakata kwa vipimo vya madirisha ya huku, kitambaa ukinunua Barabara ya Biashara. Shuka na vyombo vya mitumba viko Kongowea, uende asubuhi. Na kabati unaagiza la mbao halisi, lenye miguu na upenyo wa hewa nyuma.

*Inamfaa nani.* Mwenye samani za unga wa mbao au zilizochoka, na mwenye mkataba wa kazi mfupi. Haimfai mtu ambaye vitu vyake vina kumbukumbu. Kitanda alichotengeneza babu hakina bei ya kukifidia, kilipie lori.

Neno kwa anayeondoka Mombasa

Kama wewe ndiye unayetoka huku kwenda bara, geuza hesabu ya malori. Kupanda ndiko kwenye mzigo, kwa hiyo nafasi ni ghali zaidi na hupati bei ya lori linalorudi tupu, isipokuwa ukilipata la Nairobi lililoleta bidhaa madukani na halina mzigo wa kurudi nao.

Kulingana na hali yako

Kama nyumba hujaiona kwa macho, usipakie chochote. Njoo kwa treni au basi, kaa wiki moja kwa jamaa, onja maji, panda ngazi, uliza majirani umeme na maji vinakatika mara ngapi, kisha ndipo uchague. Picha za dalali hazionyeshi ngazi.

Kama una watoto wa shule na tarehe ya kuripoti kazini ni moja tu, lipia kenta nzima ya kurudi Mombasa, wewe na watoto mpande treni, na mtu mzima mmoja asafiri na mzigo au aupokee. Friji isafiri imesimama wima, na ikifika iache itulie saa kadhaa kabla ya kuiwasha.

Kama pesa ni kidogo na siku unazo, lori la kuchangia, kwa masharti ya orodha na nailoni niliyosema. Epuka Aprili na Mei ukiweza, mvua ya masika haina huruma kwenye yadi.

Kama uko peke yako, changanya. Uza kitanda na kabati, tuma katoni tano kwa basi, na godoro ununue huku. Watu wengi waliohama salama ninaowajua walichanganya njia mbili.

Na kama unahamia Mji wa Kale, hata ukichagua njia gani, pima mlango na ngazi kwa utepe kabla ya kupakia kochi. Jirani yangu mmoja aliagiza la watu watatu kutoka Thika. Lilifika zima, mahamali wanne wakalipandisha hadi kona ya pili ya ngazi, wakaligeuza wima, wakaligeuza ubavu, wakalishusha tena. Lilikaa barazani wiki mbili, wazee wa mtaa wakawa wanalikalia jioni wakinywa kahawa, mpaka alipopata wa kulinunua.